Divai Tamu Katika Hadithi Zetu: Nani Kaionja?

Waandishi chipukizi wa Mara wameipenda sana divai. Katika miswada niliyoisoma kutoka Musoma na Bunda, kila penye tajiri pana chupa, na kila penye mapenzi pana glasi mbili. Sina ugomvi na chupa. Ugomvi wangu ni kwamba chupa yenyewe haina kazi. Itoe, weka soda, hadithi inabaki ileile.

Chukua mswada mmoja wa Bunda. Kijana anarudi kutoka Dar na kumpelekea baba mkwe mtarajiwa, kule Butiama, chupa ya Sauternes, divai nyeupe tamu ya Ufaransa. Inamiminwa, wazee wanakunywa, ugali na sato wa kuchemsha vinaletwa, wote wanafurahi. Basi! Ndugu mwandishi, hapo ndipo hadithi ilipotakiwa kuanza. Mzee aliyezoea pombe ya mtama na ulezi, yenye uchachu na ya kushibisha, anapewa kitu kitamu kama asali, tena kidogo tu kwenye glasi. Hasemi neno? Haulizi kama ni dawa ya kikohozi? Haoni kwamba anapimiwa kama mtoto?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwandishi hakujua ameshika nini. Sauternes hutoka kusini mwa Bordeaux. Mto mdogo wa Ciron, wenye maji ya baridi, unaingia katika mto Garonne wenye maji ya vuguvugu zaidi. Basi Septemba na Oktoba ukungu hutanda mashambani asubuhi. Ukungu huo wa hewani unaleta ukungu wa pili, ule unaoota kwenye vitu. Unatoboa ganda la zabibu, maji yanapungua, sukari inabaki. Wachumaji hurudi shambani mara kadhaa, wakichagua tu zile zilizooza vizuri. Ndiyo maana ni ghali. Katika shamba la Château d'Yquem, lililopewa daraja la peke yake mwaka 1855, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu.

Sasa jamani, mtu wa kwetu ashangae ukungu? Muhogo mchungu unamenywa, unarundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu, unakwanguliwa, unaanikwa, unasagwa. Sumu inapungua, ladha inakuja. Ndio udaga huo! Zawadi ya kijana na ugali wa mama mkwe vingeweza kuwa ndugu mezani, na mwandishi kavipita kama basi lililojaa.

Tuje kwenye kitoweo. Wafaransa huinywa Sauternes na maini ya bata aliyenoneshwa, au na jibini ya Roquefort, yenye chumvi kali na ukungu vilevile. Utamu unataka chumvi na mafuta ya kushindana nayo, la sivyo unakinaisha. Watu wa Mwigobero wanalijua hilo bila kufundishwa: muhogo wa kukaanga, chumvi na pilipili, halafu soda baridi. Sangara mnono wa kukaanga angeimudu divai hiyo. Sato wa kuchemsha, na mchuzi wake mwepesi, atamezwa. Kama mwandishi alitaka zawadi ya kijana ishindwe, kachagua vizuri mno. Lakini basi atuonyeshe inavyoshindwa.

Mtaniambia hayo ni mambo ya hoteli, si ya fasihi. Pandeni kivuko pale Kisorya, Bunda, mvuke hadi Ukerewe kwa Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Myombekere anadaiwa pombe ya ndizi na wakwe ndipo arudishiwe mkewe. Pombe ile si pambo: ina jasho, ina muda, ina heshima ya mtu ndani yake. Ukiitoa, riwaya inaanguka.

Na maneno je? Mswada unasema mvinyo hapa, divai pale, bila sababu. Mvinyo limetoka kwa Wareno, divai limetoka Kifaransa, na wengi wetu tumelisikia kwanza kanisani. Mwalimu wa Butiama hiyohiyo alipomfasiri Shakespeare mwaka 1969 aliandika Mabepari wa Venisi, si Wafanyabiashara, na neno hilo moja limezua mjadala mrefu. Neno lichaguliwe, lisiokotwe.

Kijana akiamini kwamba hadithi haiwi kubwa mpaka iwe na chupa ya ng'ambo, ulimi wake mwenyewe kaudharau, na mwandishi asiye na ulimi atatuandikia nini? Sisemi chupa itolewe. Naomba mswada uandikwe upya: mzee aonje, anyamaze kidogo, aseme lake mbele ya wenzake, na mama mkwe aingie na udaga wa moto. Tuone kijana atajibu nini.