Mkono Unaoonyesha Njia

Karibu na mji mdogo wa Chipping Campden, katikati ya Uingereza, penye njia panda ya zamani, ipo nguzo yenye mikono minne. Kila mkono unaishia kwenye umbo la kiganja na vidole, kana kwamba mtu amesimama pale na kumwambia mpita njia: pita huku. Mmoja unaelekeza Oxford, mwingine Warwick, wa tatu Gloucester, wa nne Worcester, na mwaka ulioandikwa ni 1669. Watu wa huko huihusisha na Nathan Izod, mwenyeji wao wa enzi hizo, na jina lake ndilo jina la nguzo hadi leo. Sheria ya Bunge iliyowapa mahakimu uwezo wa kuagiza nguzo za maelekezo kwenye njia panda ilikuja mwaka 1697. Aliyeisimamisha hii hakungoja kuagizwa. Labda aliona wageni wakifika pale na kusitasita, akawafanyia jambo.

Mimi ni miongoni mwa wanaopenda vibao vya barabarani, hasa vya zamani na vile visivyo na mfano, na sababu yangu kubwa ni hiyo nguzo. Fundi wa kibao anamfanyia kazi mtu ambaye hatamwona kamwe. Mtu huyo yuko mwendoni, mawazo yake yako kwingine, atautazama ubao kwa sekunde chache kisha aendelee na safari bila hata kukumbuka kwamba alisoma kitu. Mshairi hutumaini kusomwa mara ya pili, na mchongaji wa milango anajua mwenye nyumba atasimama na kuusifu mlango wake. Fundi wa kibao hana tumaini hilo, na bado anapima, anachonga, anapaka rangi, anarudia herufi mpaka ikae sawa. Kazi yenye adabu ya namna hii inastahili mtu asimame na kuitazama.

Wako watu Uingereza ambao huitazama hasa. Hupita barabara za mashambani ambako wengine hukimbia, na wakikuta nguzo ya chuma cha kusubu huizunguka mpaka nyuma, kwa sababu huko nyuma au kwenye shina huenda kuna jina la karakana. Vibao vingi vya aina hiyo vilitoka Royal Label Factory, karakana ya Stratford-upon-Avon, mji uleule wa Shakespeare. Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Kiolezo hukandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, chuma kilichoyeyuka humiminwa katika alama iliyobaki, na kikipoa herufi hutokeza juu ya ubao. Baada ya hapo mtu hupita na brashi, ubao mweupe, herufi nyeusi. Uzuri wa herufi iliyotokeza ni kwamba rangi ikibanduka yote, jina la kijiji bado linasomeka. Hata usiku wa giza ungeweza kulipapasa kwa kidole.

Tena kila jimbo lilikuwa na mkono wake. Huko Dorset, juu ya nguzo huwekwa duara lenye jina la njia panda yenyewe pamoja na tarakimu za mahali hapo kwenye ramani. Somerset walipenda kichwa cha piramidi. West Riding ya Yorkshire waliweka duara na jina la jimbo lao. Mjuzi akionyeshwa picha ya kichwa cha nguzo peke yake, bila jina lolote, anaweza kukuambia ni ya wapi. Dorset hiyohiyo ina nguzo chache zilizopakwa rangi nyekundu mwili mzima, zenye maandishi meupe. Wenyeji husimulia kwamba moja kati ya hizo, karibu na kijiji cha Bloxworth, ilipakwa nyekundu ili askari wasiojua kusoma watambue mahali pa kugeuza msafara wa wafungwa waliokuwa wakipelekwa bandarini kusafirishwa hadi Australia, na jirani yake lipo shamba linaloitwa Botany Bay. Ni masimulizi, na yanaweza kuwa na chumvi. Lakini nguzo nyekundu ipo, na jina la shamba lipo, na anayepita hawezi tena kuiona rangi ile kama rangi tu.

Magari yalipokuja, kibao kilipata kazi mpya ya kuonya. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo: pembetatu nyekundu yenye uwazi katikati kwa hatari, sahani nyekundu kwa marufuku, duara jeupe kwa mwendo. Dereva wa Nairobi au Dar es Salaam anayeona pembetatu yenye ukingo mwekundu na kupunguza mwendo kabla hata ya kusoma kilichomo anaitii lugha iliyozaliwa enzi hizo. Vibao vilivyofuata miaka ya 1930 ndivyo wapenzi wa leo huvitafuta zaidi. Pembetatu ilisimama juu peke yake, na chini yake sahani yenye mchoro na neno. Herufi zake nyingine zilijazwa vishanga vya kioo ili taa za gari ziziamshe usiku. Cha shule kilikuwa na mwenge unaowaka, mwenge wa elimu. Mchoro mzuri mno, na mbaya kwa kazi yake: mgeni asiyejua maana ya mwenge ule angeweza kudhani mbele kuna moto, huku watoto wakivuka.

Mwaka 1940, Wajerumani walipotazamiwa kuvamia, Uingereza iling'oa vibao vyake au kuvifuta, na nguzo za maili zikazikwa au kuchongwa majina yakatoka. Nchi nzima ikawa bubu kwa makusudi. Wenyeji wenyewe walipotea njiani, madereva wa malori waliuliza watu waliokuwa wamekatazwa kumjibu mgeni. Sijui ushahidi mkubwa kuliko huo wa thamani ya kazi ya fundi huyu: hofu ilipofika mlangoni, vibao vilihesabiwa kuwa silaha.

Sasa nifike kwa watu wawili ninaowaheshimu kuliko wote katika fani hii.

Jock Kinneir alikuwa mbunifu aliyefanya vibao vya uwanja wa ndege wa Gatwick. Margaret Calvert, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, alikuwa mwanafunzi wake katika chuo cha sanaa cha Chelsea, kisha akawa msaidizi wake, kisha mshirika. Mwaka 1957 serikali iliunda kamati chini ya Sir Colin Anderson kushughulikia vibao vya barabara kuu mpya ambazo nchi ilikuwa haijawahi kuwa nazo, na wawili hao wakapewa kazi. Waliianza kwa kujiweka kwenye kiti cha dereva. Ni usiku, mvua inapiga kioo, gari linakwenda kasi. Anahitaji kujua nini kwanza? Nini kinaweza kungoja? Nini kiondolewe kabisa?

Vibao vya zamani vilikuwa vikipiga kelele kwa herufi kubwa tupu. Wao walichukua herufi kubwa ya mwanzo na ndogo zikafuata, kwa sababu jina lililoandikwa hivyo lina umbo, lina milima na mabonde, na jicho hulitambua kwa mbali kabla ya kulisoma herufi kwa herufi. Walichora mtindo mpya wa herufi, ukaitwa Transport. Itazame herufi ndogo ya l: imepindwa mkia chini ili isichanganywe na I kubwa. Nafasi kati ya herufi hawakuiachia bahati. Kila herufi ilikaa kwenye kigae chake chenye upana uliopimwa, hivyo fundi wa halmashauri yoyote, hata asiye mjuzi wa maandishi, akivipanga vigae hivyo jina hutoka limekaa sawa. Kipimo cha ubao wote, ukingo, nafasi kati ya mistari, upana wa mishale, kilitokana na unene wa mstari wa herufi yenyewe. Yaani ubao hukatwa kulifuata neno, neno halibanwi liingie kwenye ubao. Na pale penye kipilefti, walichora ramani yake kama dereva atakavyoikuta, barabara kubwa kwa mstari mnene, ndogo kwa mstari mwembamba. Kabla hujasoma jina hata moja umeshajua ipi ndiyo njia kuu. Ya kwanza kati ya barabara kuu hizo mpya, inayozunguka mji wa Preston, ilifunguliwa Desemba 1958 ikiwa na vibao hivyo vya rangi ya buluu na maandishi meupe.

Kulikuwa na ubishi, tena wa heshima. David Kindersley, mchonga herufi kwenye mawe aliyejifunza kwa Eric Gill, aliona kazi hiyo haifai, akatengeneza herufi zake: kubwa zote, zenye vijimkia kwenye ncha, zilizochukua nafasi ndogo. Wataalamu waliwakalisha watu kwenye jukwaa katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Benson, gari likawajia limebeba ubao, na kila mmoja akatakiwa kusema ni wakati gani ameweza kusoma. Tofauti ilikuwa ndogo, na kwa kipimo hicho herufi za Kindersley zilitangulia kidogo. Serikali ikachagua za Kinneir na Calvert. Kwangu ilichagua vema. Kindersley aliandika kama mtu anayeandikia jiwe litakalosimama karne nyingi mbele ya msomaji mtulivu, na kwenye jiwe hakuna wa kumshinda. Barabarani msomaji ana haraka, na herufi ya Transport inazungumza naye kwa sauti ya kawaida.

Kamati ya pili, ya Sir Walter Worboys, ilitoa taarifa yake mwaka 1963, na kuanzia Januari 1965 vibao vyote vya Uingereza vikaanza kufuata utaratibu huo. Michoro mingi ilitoka mkononi mwa Calvert. Ile ya watoto wanaovuka ndiyo nisiyoichoka. Kabla yake kulikuwa na mvulana wa kofia na mkoba akitangulia, msichana nyuma, mfano wa watoto wa shule za wateule. Calvert aliwageuza. Msichana akawa mbele, amemshika mkono mdogo wake, na msichana huyo alimchora akijikumbuka yeye mwenyewe utotoni. Ng'ombe wa kibao cha mifugo naye alikuwa ng'ombe kweli, aliyeitwa Patience, wa shamba la jamaa zake huko Warwickshire. Kivuli cheusi ndani ya pembetatu, kisicho na macho wala mdomo, na bado ni mtu fulani, ng'ombe fulani. Ndiyo maana dereva huinua mguu.

Utaratibu mpya ulikuwa na gharama yake. Nguzo nyingi za chuma ziliondolewa, nyingine zikauzwa kama chuma chakavu, na pamoja nazo yakaondoka majina ya njia panda yasiyoandikwa mahali pengine. Majimbo kama Dorset na Somerset yaliziacha nyingi, na hilo lazima lisifiwe. Tangu mwaka 2001 kuna chama, Milestone Society, ambacho wanachama wake huorodhesha na kutengeneza nguzo za maili na za njia panda. Vijijini wanajitokeza wastaafu wenye msasa na makopo ya rangi, wanang'oa kutu, wanatafuta fundi wa kusubu mkono uliovunjika, wanaurudisha. Sikubaliani na wale wanaomchukia Worboys kwa kupenda chuma cha zamani. Nathan Izod na Margaret Calvert walikuwa na kazi moja. Hata leo Waingereza bado wanaiendeleza: wana kibao cha kuonya kwamba vyura wanavuka wakati wa kutafuta maji ya kuzalia, na mwaka 2019 wakaongeza kingine chenye kalunguyeye, kwa ajili ya wanyama wadogo wanaokufa barabarani kila usiku.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu una uso wake. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, barabara inakata Hifadhi ya Mikumi, na kando yake vibao vimeorodhesha mnyama mmoja mmoja na faini ya kumgonga. Ukivisoma unajua nchi inamthamini nani na kwa kiasi gani. Lakini vilivyo karibu na moyo wangu ni vibao vya kuchora kwa mkono, vile vya bati au mbao vinavyokaa kwenye mchepuko wa barabara ya vumbi na kuelekeza shule, zahanati, msikiti, kanisa, kiwanda cha matofali. Fundi alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akaanza na jina refu kuliko yote ili lisibanwe mwishoni, akaweka kivuli upande mmoja wa herufi ili zitokeze, akamalizia na mshale. Kila fundi ana R yake na S yake, na mwenye kuangalia anaweza kuutambua mkono uleule katika tarafa nzima. Siku hizi vinaondolewa haraka, vinawekwa vya plastiki vilivyochapwa kwa mashine, na jua huvila rangi kabla mafundi wale wa zamani hawajasahauliwa.

Kama kipo kimoja kwenye njia panda ya kwenu, kipige picha kabla hakijashushwa. Uliza nani alikichora. Wazee wa hapo wanajua, na mara nyingi fundi mwenyewe bado yuko hai. Andika jina lake na mwaka aliokichora nyuma ya picha hiyo, na kijiji kikiamua kuweka kibao kipya, mpeni yeye kazi.