Kikanisa cha Malindi: Jengo na Masimulizi Yake

Katika mji wa Malindi, karibu na ufuo wa bahari, kimesimama kikanisa cha Kikatoliki ambacho mtu asiyekijua angeweza kukidhania kuwa nyumba ya kawaida. Kuta zake ni fupi, paa lake ni la makuti, na pembezoni mwake yamo makaburi. Kwa kawaida husemwa kwamba kilijengwa na Wareno katika nusu ya kwanza ya karne ya 16; kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa makanisa ya kale kabisa ya Afrika ya Mashariki.

Masimulizi yanayokizunguka ni ya watu mashuhuri kutoka ng'ambo. Hutajwa Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498. Hutajwa pia padre Francis Xavier, aliyetua hapo mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika msafiri mwenziwe. Lakini katika barua aliyoandika baadaye mwaka huo, Xavier anaeleza zaidi ya maziko. Anasimulia mazungumzo yake na Mwislamu mwenye heshima wa mji huo, ambaye alisikitika kwamba katika misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa, akamwuliza kama Wakristo nao walilegea hivyo. Hapa mwenyeji anasikika akisema na kuhoji. Naye ndiye anayesahauliwa tunapokitaja kikanisa.

Basi na tulihoji jengo lenyewe. Si mbali na hapo, kwenye rasi, upo msalaba wa Wareno uliochongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka kwao. Kikanisa sicho hivyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, yaani vitu vile vile vilivyojenga misikiti ya pwani, makaburi ya nguzo na majumba ya Gedi. Paa nalo latufunza jambo kubwa zaidi. Makuti huoza, hayana budi kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo paa tulionalo leo halikuezekwa na Mreno yeyote. Ni kazi ya mikono ya wenyeji, iliyorudiwa mara kwa mara. Ibada ililetwa na mgeni, ila ufundi ni wa pwani.

Hata hivyo, tusije tukaligeuza jengo hili kuwa ishara ya urafiki mtupu. Wareno hao hao waliishambulia Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505. Malindi iliwapokea kwa sababu ilishindana na Mombasa, ikitafuta mshirika mwenye nguvu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Malindi haikupona. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakayahamishia huko makao yao makuu ya pwani, na mtawala wa Malindi akahamia huko pia. Mji ulififia, ukawa magofu, hata ukaja kufufuliwa katika karne ya 19. Udogo wa kikanisa, ukiutazama kando ya ukubwa wa Ngome ile, waonyesha mahali ambapo mgeni aliweka tamaa yake.

Wako wanaoona kwamba majengo ya namna hii si sehemu ya utamaduni wetu, kwa kuwa yaliletwa na wavamizi. Wengine huyasifu kwa sababu hiyo hiyo, kana kwamba historia ilianza siku merikebu za Ulaya zilipotia nanga. Pande zote mbili zinakubaliana katika kosa moja: zinamwachia Mreno jengo zima. Mwalimu awapelekapo wanafunzi wake Malindi, asitosheke kuwauliza ni nani aliyeamuru kikanisa kijengwe. Na awaulize pia mawe yalichimbwa wapi, chokaa ilichomwaje, na ni nani aliyepanda juu kuezeka. Wakiyajibu hayo, watakuwa wamewarudisha katika historia watu ambao majina yao hayakuandikwa, ingawa kazi yao ingali imesimama.