Treni ya koli si mstari wa masanduku

Leo siandiki juu ya mbolea wala mbegu. Nataka tuongee juu ya treni ndogo, zile ambazo watu wazima kule Uingereza wanazitengeneza nyumbani na kuziendesha juu ya meza kama treni za kweli. Najua kuna wenye watasema: huyu naye amekosa kazi. Ni kweli, kazi bado natafuta. Lakini musome mpaka mwisho, juu hii mambo imenigusa katika masomo yangu mwenyewe.

Ilianza na video. Usiku, saa ile intaneti inashuka bei, niliona treni ndogo ya koli ikipita kwenye kituo kidogo. Mabehewa kumi, yote ya buluu, yote ya urefu mmoja, safi kama sahani za harusi. Watu walikuwa wanaisifu sana. Siku chache nyuma yake nikaona nyingine. Hiyo ilikuwa na behewa refu, kisha mbili fupi, kisha moja lenye mbao za kuachana ubavuni, kisha tena refu. Rangi hazilingani, na moja limejaa vumbi mpaka namba haisomeki. Hii ya pili haikuwa na sifa nyingi, lakini mimi njo niliipenda. Nikajiuliza juu ya nini, nikaanza kusoma.

Kwanza tuelewane ni treni gani. Reli za Uingereza zilikuwa na treni za abiria, treni za mizigo mizito kama makaa ya mawe, na katikati kulikuwa na hii aina ya tatu: treni isiyobeba watu, au inayobeba wachache tu, lakini inakimbia karibu kama ya abiria, juu mzigo wake hauwezi kungoja. Ndani mulikuwa koli za maduka yanayouza kwa katalogi, maua, vikapu vya njiwa wa mashindano, hata vifaranga vya siku moja ndani ya makartoni. Na usiku, magazeti. Musiichanganye na treni ya posta, ile yenye wafanyakazi walipanga barua ndani huku inakimbia, na ambayo wezi waliisimamisha tarehe 8 Agosti 1963. Hiyo ni ndugu yake, lakini ni treni nyingine.

Sasa maoni yangu. Mafundi wa treni ndogo wako hodari sana kwa behewa moja moja. Kipimo chao kinachotumiwa zaidi kule, wanakiita OO, ni 1 kwa 76. Behewa la kweli la futi 57, karibu mita 17, linakuwa sentimita 23 mezani. Mutu anaweza kupoteza wiki nzima juu ya mkono wa mlango, na kampuni kama Hornby na Bachmann zinauza mabehewa yenye hata maandishi madogo kabisa ubavuni. Lakini ukiyaunga pamoja, mara nyingi treni inakuwa ya uongo. Kila behewa ni la kweli, ila mstari wote ni uongo. Hilo njo kosa ninalotaka kuonyesha.

Sababu ni hii. Treni ya koli ya kweli ilikuwa mchanganyiko, na mchanganyiko huo ulikuwa na historia. Tangu 1923 Uingereza ilikuwa na kampuni kubwa nne za reli, na kila moja ilikuwa na mabehewa ya mtindo wake. Mwaka 1948 serikali ikazichukua zote. Lakini kubadilisha jina la kampuni hakubadilishi mabehewa kwa siku moja. Katika miaka ya 1960 bado ungeona ndani ya treni moja behewa fupi la magurudumu mane lililotoka kusini, jingine la magurudumu sita lililotoka kampuni ya LMS, na yale marefu ya futi 57 ambayo serikali ilitengeneza yenyewe katika miaka ya 1950. Rangi nazo vilevile: nyekundu iliyoiva ya tangu 1956, kisha buluu iliyoanza karibu 1965, na mabehewa ya koli hayakuwa ya kwanza kupelekwa kwa mpaka rangi. Yalingoja zamu. Kwa hiyo treni yote ya buluu safi katika mwaka wa 1967 ni kama picha ya familia ambamo babu na mjukuu wana umri mmoja.

Kuna behewa moja lilinifurahisha sana kama mutu wa kilimo. Linaitwa Siphon G, la kampuni ya magharibi, GWR. Ubavu wake ni mbao zilizoachana kidogo ili upepo upite. Nikajiuliza: koli zinahitaji upepo? Kumbe lilitengenezwa kwa maziwa! Zamani maziwa yalisafiri ndani ya mabidoni, na upepo ulisaidia yasiharibike njiani. Baadaye maziwa yakahamia kwenye matanki makubwa, na yale mabehewa yakabaki bila kazi yao. Hayakutupwa. Yakapewa koli na magazeti, yakaendelea miaka mingi. Hivyo fundi mwenye anaweka Siphon G katikati ya treni yake, na anajua sababu, anakuambia bila maneno namna maziwa ya mashambani yalivyokuwa yanafika mujini. Mwenye analiweka juu tu alilikuta dukani anakuonyesha sanduku.

Hapa nifungue moyo kidogo. Katika memwari yangu ya lisansi nilifanya kazi juu ya mahindi na maharagwe kule Kabare. Nilienda shambani kwa mama mmoja, nikapima, nikaandika. Shamba lake lilikuwa na mahindi, maharagwe yanayopanda juu ya mahindi, boga chini, migomba pembeni na mihogo kidogo kwa siku za shida. Lakini mchoro wa memwari ulikuwa mzuri zaidi kwa mistari miwili safi: mahindi, maharagwe, mahindi, maharagwe. Nikachora hivyo. Nilipomupelekea kitabu, akaangalia mchoro wakati murefu, akaniuliza: «Mwanangu, na boga zangu ziko wapi?» Nikamujibu: «Mama, boga hazikuwa ndani ya somo.» Akacheka, akanipa chai, hakusema kitu kingine.

Juri ilinipa pointi nzuri. Lakini boga lilikuwa na kazi: majani yake yalifunika udongo usikauke, na majani mabaya yasiote. Kama mutu angekuja leo kumushauri mama yule akitumia mchoro wangu, angemwambia aondoe boga, na shamba lingekauka. Nilipima kila mstari vizuri, shamba lote nikalikosa. Njo maana video ile ya mabehewa kumi ya buluu haikuniachia usingizi.

Kosa la pili ni la picha, na linahusu zaidi treni za magazeti. Magazeti makubwa ya Uingereza yalichapishwa London, karibu na barabara ya Fleet Street, na mengine yalichapishwa tena Manchester kwa ajili ya kaskazini. Gazeti linatoka kwa mashine usiku, na asubuhi lazima liwe mezani pa mutu mwenye anakaa mbali kilometa mia kadhaa. Kwa hiyo treni ziliondoka usiku wa manane na alfajiri. Ndani ya baadhi ya mabehewa mulikuwa meza na taa, na wafanyakazi wakigawanya mafungu ya magazeti huku treni inakimbia, ili kila kituo kipate fungu lake bila kuchelewa. Mara nyingine kulikuwa na behewa moja la abiria, kwa mutu mwenye hakuogopa kusafiri saa nane za usiku.

Sasa jiulize: wapenda treni walipiga picha saa ngapi? Mchana, saa jua linawaka! Na mchana mabehewa ya magazeti yalikuwa yanarudi matupu. Kuna treni moja iliyopendwa sana na wapiga picha, iliyotoka Heaton, karibu na Newcastle, kurudi Red Bank kule Manchester: mstari mrefu wa mabehewa ya kila aina, mara nyingi ukivutwa na vichwa viwili. Ilikuwa inarudi mitupu, kama mama mwenye ameuza vyote sokoni. Fundi anachukua picha hiyo, anaitengeneza vizuri, kisha anaandika «treni ya magazeti» na kusimamisha pembeni yake watu wadogo wa plastiki wakipakia mafungu. Hapo amechanganya saa mbili tofauti. Picha haikusema uongo, yeye njo hakuiuliza ilipigwa saa ngapi. Wangapi kati yetu tulifanya ankete mchana kijijini, saa wanaume na vijana wako mashambani, kisha tukaandika «wakaaji wanasema»?

Watetezi wao watasema: nyumba ni ndogo, meza ni mita mbili na nusu, hatuwezi kuweka treni nzima. Ni kweli. Mabehewa kumi na mawili marefu ni karibu mita 2,8 kabla ya kuweka kichwa. Na hata reli yenyewe ya OO imebanwa: upana wake ni milimita 16,5, wakati reli ya kweli ya mita 1,435 kwa kipimo hicho ingehitaji karibu 18,8. (Reli yetu ya hapa Kongo, ya mita 1,067, ingekuwa 14 hivi.) Kupunguza si dhambi, kila mufano unapunguza. Lakini katika hii mambo ya koli ukweli wenyewe unawasaidia. Kulikuwa na treni za koli za mabehewa matatu au mane tu. Kulikuwa na behewa moja la koli lililofungwa mkiani mwa treni ya abiria, likaachwa kituoni, kichwa kidogo kikaja kulisukuma pembeni. Mwenye meza ndogo anaweza kuonyesha kazi hiyo yote bila kudanganya. Anayelazimisha mabehewa kumi juu ya meza ndogo amechagua ukubwa mahali pa ukweli.

Na kazi yenyewe inakosekana sana. Treni inazunguka, inazunguka, haisimami. Lakini maisha ya treni ya koli yalikuwa kusimama: milango inafunguka, watu wanashusha, wanapakia. Tangu 1964 vituo vilijaa toroli za chuma zenye kizimba ambazo reli ilizigawa nchi nzima, kwa kifupi waliziita BRUTE. Ukiziona, unajua uko katika miaka gani. Ukiziweka kwenye kituo cha mwaka wa 1955, umekosea, hata kama zimepakwa rangi vizuri. Mufano mzuri unasimamisha treni dakika kadhaa, na mwangaliaji mwenye haraka aende zake.

Tena kuna mwisho wa hadithi, ambao karibu hakuna mwenye anauonyesha. Mwaka 1986 kampuni ya magazeti ya Rupert Murdoch ilihamia Wapping, London, kwa mitambo mipya. Wachapaji wakagoma, zaidi ya 5.000 wakapoteza kazi. Magazeti yake yakatoka relini, yakapewa malori ya TNT, juu kampuni haikutaka kutegemea wafanyakazi wa reli wenye wangeweza kuwaunga mukono wenye kugoma. Wengine wakafuata, na mwaka 1988 treni za magazeti zikaisha. Watu wanasema «zamani ilikuwa nzuri» na wanapaka mabehewa rangi. Lakini mabehewa hayakuondoka yenyewe kama ndege wa majira. Kulikuwa na ugomvi wa kazi na mukate. Simulazimishi fundi atengeneze mugomo juu ya meza yake. Ninasema tu: mwenye anachagua mwaka 1985 ajue anaonyesha nini, na nini kinakuja nyuma.

Mutaniuliza, basi nzuri ni ipi? Kwangu ni ile ya pili niliyoona. Fundi wake hakuwa na mikono myepesi zaidi. Behewa moja limeunganishwa vibaya kidogo, gundi inaonekana. Lakini alianza na maswali: treni hii inatoka wapi, inaenda wapi, mwaka gani, saa ngapi, imejaa ao mitupu, behewa hili limefikaje hapa? Kisha njo akafungua koti la gundi. Nampa pointi kumi na sita kwa ishirini. Ile ya buluu safi, pamoja na ufundi wake wote, kumi na moja.

Na mimi? Mwezi uliopita nilirudi Kabare na karatasi mpya. Nilichora upya shamba la mama yule, safari hii na boga, na migomba, na mihogo ya siku za shida. Mchoro si mzuri, umechanganyika. Aliuangalia, akaweka kidole mahali fulani, akasema: «Hapa kuna muti wa parachichi, umesahau.»

Nimeuongeza.