Kitamkwa Kilichodondoshwa: Matamshi na Uraia katika Kazi za Rita Indiana

Ni rahisi kuigawa kazi ya Rita Indiana, aliyezaliwa Santo Domingo mwaka 1977, katika mafungu mawili: upande mmoja muziki unaochanganya merenge, hip hop na midundo ya kielektroniki, na upande wa pili riwaya. Mgawanyo huo, unaofanana na ule tunaouweka baina ya fasihi simulizi na fasihi andishi, unaficha jambo la msingi. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinaongozwa na swali moja: sauti ya mtu inamfanya kuwa wa wapi, na nani ana mamlaka ya kuamua?

Tuanze na majina ya nyimbo. Albamu aliyoitoa mwaka 2010 pamoja na bendi yake, Los Misterios, inaitwa El juidero. Herufi j inawakilisha mpumuo wa kale ambao Kihispania sanifu kimeupoteza, lakini usemi wa watu wa kawaida umeuhifadhi. Katika “La hora de volvé”, yaani wakati wa kurejea, kitenzi kimedondosha r ya mwisho. Katika “Da pa’ lo do”, yaani inatosha kwa wote wawili, s za mwisho zimeondoka. Faida yake kimuziki ni dhahiri: silabi zinabaki wazi, na maneno yanaweza kwenda sambamba na kasi ya tambora na güira. Mzungumzaji wa Kiswahili, lugha inayopendelea silabi wazi, hatashangazwa na mvuto wa mpangilio huo.

Hata hivyo, suala si mdundo tu. Dikteta Rafael Trujillo, aliyeitawala Jamhuri ya Dominika kuanzia 1930 hadi 1961, aliipandisha merenge kutoka ngoma ya mashambani hadi nembo ya taifa. Mwaka 1937 mtawala huyohuyo aliamuru mauaji ya maelfu ya Wahaiti, hasa katika maeneo ya mpakani. Inasimuliwa kwamba askari waliwataka watu watamke neno perejil, jina la jani la kiungo, na aliyeshindwa kuitamka r yake alihesabiwa kuwa Mhaiti. Ni kweli kwamba r hiyo iko katikati ya neno, si mwishoni. Lakini kejeli haikwepeki: sauti inayosimuliwa kuwa kipimo cha uhai ndiyo ambayo mwenyeji, katika mazingira mengine ya neno, huidondosha bila kuulizwa na mtu. Kwa kuuandika udondoshaji huo waziwazi katika merenge, Rita Indiana anaitumia nembo ya taifa kuonyesha kwamba usafi wa lugha ya taifa ni dhana tupu.

“Da pa’ lo do” inaeleza hoja hiyo kwa kuyaona mataifa mawili ya kisiwa kimoja kuwa ni ndugu. Uzito wake uliongezeka mwaka 2013, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba watoto wa wahamiaji wasio na vibali, waliozaliwa nchini tangu 1929, hawakustahili uraia. Walioathirika zaidi ni wenye asili ya Haiti. Hapa pia ndipo udhaifu unapojitokeza. Katika video ya wimbo huo, msanii, ambaye ngozi yake ni nyeupe, anaonekana amepakwa rangi ya weusi mfano wa Bikira Maria. Wimbo unatetea undugu, ilhali picha inauvaa weusi kama vazi linaloweza kuvuliwa.

Riwaya inakwenda mbali zaidi. Papi (2005), iliyoitangulia albamu, tayari ina msimulizi mtoto anayerudiarudia maneno kama kiitikio. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba muziki ndio uliozaa nathari yake. Katika La mucama de Omicunlé (2015), Santo Domingo ya wakati ujao ina mitambo inayowatambua wakimbizi wa Haiti wenye virusi na kuwaangamiza barabarani. Kipimo kimehama kutoka ulimini hadi kwenye mashine, na anayepimwa hapewi tena hata nafasi ya kutamka neno.

Aliporejea katika muziki kwa albamu ya Mandinga Times (2020), iliyotayarishwa na Eduardo Cabra, alirudi na taswira zilezile za maangamizi. Mhakiki anayesoma riwaya bila kusikiliza nyimbo ataiona hofu ya mashine, lakini hatasikia historia ya ulimi iliyoitangulia.