Samani, Kidaka na Susu: Tahakiki ya Lugha ya Mapambo ya Nyumba

Wanaoshughulika na istilahi wamezoea kuelekeza juhudi zao katika sheria, sayansi, fedha na utawala. Hatuwalaumu, kwa maana mahitaji ya nyanja hizo ni makubwa. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida hukutana na neno geni sebuleni mwake kabla hajakutana nalo mahakamani. Siku hizi safu za mapambo ya nyumba zimekuwa jambo la kawaida katika magazeti na majarida yetu: namna ya kupanga viti, kuchagua mapazia, kupamba ukuta mtupu na kupata kitu kizuri kwa bei nafuu. Safu hizo zina wasomaji wengi, na kwa hiyo zinafundisha lugha, wapende wasipende waandishi wake. Katika makala haya tunakusudia kuipima lugha hiyo, na pia kuwapima wale wanaojitolea kuisahihisha, kwa kuwa tumeona kasoro pande zote mbili.

1. Mfano wa lugha tunayoisoma

Hatutaki kumwaibisha mwandishi yeyote, kwa hiyo tumejitungia wenyewe mfano unaofuata mwendo wa safu hizo:

"Ili kuipa siting'i rumu yako luku ya kisasa, tupia kusheni za kalaful, weka kapeti ndogo katikati, kisha hangi planta moja kwenye makrame karibu na karteni."

Tuseme sasa jambo lile lile kwa maneno ambayo msomaji anayo tayari:

"Ukitaka sebule yako ipendeze, panga matakia ya rangi mbalimbali kwenye makochi, tandika zulia dogo katikati, kisha tundika mmea mmoja katika susu karibu na pazia."

Sentensi ya pili haikuhitaji kamati wala neno jipya hata moja. Hapana shaka wapo watakaosema kwamba neno takia ni la pwani na kwamba susu limesahauliwa. Hoja hiyo tutaijibu hapa chini. Kwa sasa tunataka kuonyesha kwamba mwandishi wa sentensi ya kwanza hakukopa kwa sababu ya upungufu. Alikopa kwa kuwa picha aliyoitazama ilitoka katika jarida la kigeni, akayachukua maneno pamoja na picha.

Msomaji aangalie pia vitenzi. Wanaotunga orodha za istilahi hukusanya nomino na kuviacha vitenzi nje, ilhali kazi ya kupamba nyumba imo zaidi katika vitenzi. Kiswahili hutofautisha kutandika na kutandaza, kutundika na kuning'iniza, kupanga na kupachika. Kinachotandikwa kimewekwa tayari kwa matumizi, kama kitanda au mkeka. Kinachotandazwa kimeenezwa tu. Kilichotundikwa kimeshikwa na msumari au kulabu. Kilichoning'inizwa kinaachwa kielee. Mwandishi anayetumia "hangi" na "tupia" kwa kila jambo humnyima msomaji maelekezo ambayo lugha ingempa bila gharama.

2. Kidaka, shubaka na rafu

Wapo wanaodhani kwamba tofauti hizi ni za wapenda lugha tu. Tuna sababu ya kuliona jambo hilo kwa uzito zaidi.

Ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilikuwa ikikarabati nyumba yake ya wageni. Mchoraji alikusudia vidaka vinne katika ukuta wa sebule. Mfasiri wa maelezo ya kazi aliandika "rafu nne za ukutani". Mwashi aliyasoma maandishi kama yalivyokuwa: akaujenga ukuta mzima, akaupiga lipu, ukapakwa rangi, kisha akaitwa seremala apigilie mbao nne. Mchoraji alipokuja kukagua, ikabidi ukuta ubomolewe. Sisi ndio tuliokuwa tumeipitia tafsiri ile kabla haijatolewa, na tulipoulizwa kosa ni la nani hatukuwa na la kusema ila kukiri kwamba ni letu. Neno "rafu" lilitupitia machoni kwa sababu halikuwa neno geni. Tangu siku hiyo tumejifunza kuliogopa neno la kawaida lililokaa mahali pasipo pake kuliko neno la kigeni, ambalo angalau hujitangaza.

Rafu ni ubao au kitu mfano wa ubao kinachotokeza nje ya ukuta, au kilichomo kabatini, ili vitu viwekwe juu yake. Kidaka ni nafasi iliyoachwa ndani ya unene wa ukuta. Shubaka hukaribiana na kidaka, lakini hutumika pia kwa tundu linalopenya ukuta, hivyo mfasiri hana budi kuangalia muktadha.

Kidaka kina historia inayofaa kujulikana na kila mwalimu. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ambao sehemu yake ya kale iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, dari zilibebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti, nao kwa kawaida haukuzidi mita 3 hivi. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Katika chumba cha ndani cha nyumba za wenye uwezo, ukuta ulipambwa kwa safu juu ya safu za vidaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, na humo viliwekwa vyombo vya kauri vilivyoletwa kwa jahazi. Kidaka kilipamba, kilihifadhi, na kilikipa chumba chembamba sura ya kina.

Wenyeji wa Lamu huviita zidaka, kwa kuwa katika Kiamu wingi wa kidaka ni zidaka. Waandishi wa kigeni waliosifu nyumba hizo walilichukua umbo hilo la wingi kana kwamba ni jina zima lisilogawanyika. Sasa neno linaturudia kutoka katika vitabu vyao, na mwandishi asiyejua asili yake huweza kuandika "zidaka moja" bila kuona kosa. Neno letu limekwenda ughaibuni likarudi bila sarufi yake. Katika Kiswahili Sanifu tuandike kidaka na vidaka; tukitaja nyumba za Lamu kwa lugha ya wenyeji, tuandike zidaka na tukumbuke kwamba ni nyingi.

3. Kilichomo nyumbani na kisichotajwa

Kasoro kubwa zaidi ya safu za mapambo ni kwamba nyumba inayoelezwa humo huanzia dukani. Kitu chenye jina la kigeni hutajwa. Kitu ambacho msomaji anacho tayari hakitajwi.

Tuchukue vitu vya kutandika sakafuni. Safu nyingi zinalo neno moja tu, "kapeti". Mwenye nyumba ana mkeka, ulioshonwa kwa ukili uliosukwa kwa ukindu. Ana jamvi, ambalo ni pana na zito, la kukalia watu wengi. Ana msala wa kusalia. Pengine ana busati. Na akijaliwa ana zulia. Kila kimoja kina mahali pake na heshima yake. Kumwambia mtu atandike jamvi mahali pa msala ni kosa la adabu, si la lugha peke yake.

Tuchukue pia vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya migongo ya makochi na juu ya meza. Vimo katika nyumba nyingi za mijini na vijijini, na vimefumwa na wenye nyumba wenyewe. Ni nadra kuviona katika safu hizi, na vinapotajwa huwa ni kwa kuambiwa viondolewe.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba baadhi ya vitu hivyo vimeanza kurudi kama uvumbuzi mpya. Nyungo hutundikwa ukutani kuwa pambo. Kiondo, ambacho jina lake tumelipata kwa Wakikuyu, hutumika kuwekea nguo na vyungu vya mimea katika nyumba za Ulaya na Marekani. Kawa, iliyofunika chakula, huning'inizwa na kutiwa taa ndani. Halafu iko "makrame" ya kutundikia mimea, ambayo ni kamba zilizofungwa mafundo na kuning'inizwa darini ili zibebe chombo. Wazee wetu walining'iniza kitu cha namna hiyo ili chakula na vyombo visifikiwe na paka na panya, wakakiita susu. Kilichobadilika ni mzigo tu. Ikiwa sebule, ambayo kwa watu wa Lamu ilikuwa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na makazi ya ndani, iliweza kuchukua maana ya chumba cha kuzungumzia cha leo, hatuoni kwa nini susu ishindwe kubeba mmea.

Hilo ndilo jibu letu kwa wanaosema kwamba neno limesahauliwa. Neno likisahauliwa kwa sababu kitu kimetoweka, hatuna la kufanya. Lakini kitu kinaporudi, jina lake lina haki ya kurudi nacho. Mwanafunzi wa sayansikimu ambaye bibi yake ana susu jikoni hastahili kufundishwa kwamba kitu hicho hakina jina mpaka kiuzwe.

4. Makosa ya wanaosahihisha

Tusiwageukie waandishi wa magazeti peke yao. Wapenzi wa Kiswahili safi nao wana makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuyakataa maneno ambayo yamekwisha kuwa yetu. Meza na foronya tuliyapata kutoka Kireno, kabati kutoka Kiingereza, na leo hakuna nyumba inayoyaona kuwa wageni. Feni limo katika njia hiyo hiyo. Wanaotaka liondolewe na mahali pake pawekwe pangaboi wafikiri kwanza. Pangaboi ni kumbukumbu ya pepeo kubwa la kitambaa lililoning'inizwa darini na kuvutwa kwa kamba na mtumishi, ambaye hata akiwa mtu mzima aliitwa boi. Neno hilo ni la kihistoria na linafaa kubaki katika kamusi. Lakini si safi kuliko feni, na mwenye kulichagua ajue analolichagua.

Kosa la pili ni kufufua neno la kale na kulibandika juu ya kitu kisicho chake. Tumeona pendekezo kwamba chandarua kiitwe besera ili lugha ipate hadhi. Besera ni pambo la juu na kando ya kitanda. Chandarua ni kinga ya mbu. Mfanyakazi wa afya akigawa besera, sijui wagonjwa watalala wapi.

Kuhusu samani na fanicha, mashindano bado yanaendelea: samani limetawala katika nyaraka, fanicha katika vibao vya maduka. Sisi tunaunga mkono samani, neno lenye nasaba na Kiajemi na lililozoeleka kitambo, lakini kwa sharti kwamba lisifanywe kapu la kila kitu. Ofisa anayeandika orodha ya mali ya ofisi anayo tayari migao minne: samani, yaani vitanda, meza, viti na makabati, matandiko, yaani shuka, foronya na mazulia, vyombo, yaani vya kulia, kupikia na kuhifadhia, na mapambo, yaani vile ambavyo kazi yake ya kwanza ni kupendeza macho. Mwenye kuandika zulia chini ya samani atapata taabu siku ya kuhesabu.

5. Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo manne.

(a) Kabla ya kuunda au kukopa neno la kitu cha nyumbani, mtafiti aingie nyumbani. Aulize mama wa nyumba, seremala, mwashi na msusi wa mikeka, wa pwani na wa bara, na ayaandike majibu yao yote hata yanapopingana.

(b) Kila nomino katika orodha za istilahi iandamane na vitenzi vyake: zulia na kutandika, pazia na kutundika, nakshi na kutia, lipu na kupiga.

(c) Neno lipimwe kwa tofauti linayoionyesha. Likiwa linaunganisha vitu viwili ambavyo fundi hutofautisha, halifai, hata kama ni la Kibantu tupu. Likiwa linatenganisha vizuri na watu wanalitamka bila taabu, lisikataliwe kwa sababu ya asili yake.

(d) Wahariri wa magazeti wapewe orodha fupi ya maneno haya, ya ukurasa mmoja au miwili. Kitabu kikubwa hakitafunguliwa na mtu anayekimbizana na saa ya kupeleka habari mtamboni.

Hatudai kwamba kila nyumba irudishe vidaka na majamvi. Watu wapambe nyumba zao wapendavyo na kwa vitu watakavyo. Tunachodai ni kwamba msomaji anapofunua ukurasa wa mapambo aikute humo pia nyumba yake, imetajwa kwa jina. Na mfasiri anapoandika neno moja juu ya ukuta wa mtu, akumbuke kwamba yuko mwashi atakayelisoma na kulitii.