Turubai, Kamba na Jiwe Dogo

Okota jiwe dogo la mtoni, lililolainishwa na maji, lenye upana wa sentimita mbili hivi. Liweke chini ya pembe ya turubai, likunje ndani ya kitambaa, kisha lizungushie kamba shingoni kwa kitanzi kinachokaza kadiri kinavyovutwa. Tayari umepata kifungo. Hukutoboa kitambaa wala hukushona, na hukupigilia pete ya chuma. Upepo ukivuta, jiwe linaizuia kamba isichomoke, na nguvu yote inasambaa kulizunguka badala ya kulemea tundu moja. Nimeona pete za chuma zilizong'oka usiku wa dhoruba zikaacha mpasuko wa urefu wa mkono. Jiwe halina pa kung'oka, na asubuhi linarudi mtoni.

Ufundi wa kulala porini kwa vitu vichache umekomaa sana katika njia ndefu za milima ya Marekani. Appalachian Trail inatoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,500. Pacific Crest Trail, inayotoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, ina kilomita 4,270 hivi. Anayezitembea kwa msimu mmoja anabeba nyumba, kitanda na jiko kwa miezi kadhaa, na magoti yake ndiyo yanayolipa. Ndiyo maana watu wa njia hizo wamekaa wakajiuliza, kitu kimoja baada ya kingine: hiki kinafanya kazi gani hasa, na je, hakuna kingine mzigoni kinachoweza kuifanya?

Earl Shaffer, wa kwanza kujulikana kuitembea Appalachian Trail yote kwa mkupuo mmoja mwaka 1948, aliachana na hema mapema, koti lake la mvua likawa paa. Lakini ninayemheshimu kuliko wote ni Emma Gatewood, mkulima wa Ohio, mama wa watoto 11. Mei 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alianza kutembea kutoka Mount Oglethorpe huko Georgia, na Septemba 25 alikuwa kwenye kilele cha Katahdin, Maine. Hakuna mwanamke aliyewahi kuimaliza njia hiyo peke yake kwa msimu mmoja kabla yake. Mfuko aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha dengrizi, akautundika bega moja. Ndani mlikuwa na blanketi, koti la mvua, chakula, na pazia la plastiki la bafuni. Miguuni alivaa raba za Keds. Kwa kawaida mzigo wake haukufika kilo 10.

Hilo pazia la bafuni husimuliwa kama kichekesho, na mimi sikubaliani kabisa na usimulizi huo. Plastiki ile haipitishi maji, inakunjika ikawa ndogo, haina bei, na mvua ikinyesha unaitwaa kwa mkono mmoja ukajifunika bila kusimama. Bibi huyu alikuwa amelima, amelea na kuendesha nyumba kwa miaka mingi, na alijua tabia ya kila kitu kilichopita mikononi mwake. Usiku wa baridi alipasha moto mawe bapa akalala juu yake. Palipokuwa na majani makavu, alirundika majani. Aliirudia njia hiyo mwaka 1957, na akaimaliza kwa mara ya tatu mwaka 1964.

Baadaye akaja Ray Jardine, mhandisi na mkwea miamba, aliyebuni kifaa cha springi kiitwacho Friend, ambacho wakweaji hukipachika kwenye nyufa za miamba. Yeye na mkewe Jenny walitembea Pacific Crest Trail mara kadhaa, wakishona vifaa vyao wenyewe, na kitabu alichokitoa mwaka 1992 kuhusu njia hiyo kiliwafanya watembezi wengi waweke hema kando na kuchukua turubai. Kilichonivutia kwake ni hoja yake kuhusu mfuko wa kulalia. Manyoya ya bata hutunza joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati yake. Ukiyalalia, yanabanwa, hewa inatoka, joto nalo linatoka. Basi kwa nini ubebe nusu ya chini ya mfuko? Wakaikata. Kilichobaki ni blanketi nene la kujifunika juu na kuchomeka kandokando, na chini godoro jembamba la sponji ngumu ambalo halibanwi na uzito wa mwili. Karibu robo ya uzito imekwenda, na mlalaji hajapoteza joto lolote.

Sasa turubai lenyewe. Kitambaa kinachotumika sana ni nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili. Kipande cha mita 2.4 kwa 3 kina gramu 350 hivi, kinaingia mfukoni mwa koti, na kinawafunika watu wawili. Nguzo zake ni fimbo mbili za kutembelea, zilezile zilizokusaidia kushuka mteremko mchana. Wanawake wa Kirendille na Kigabra kaskazini mwa Kenya, ambao fito za nyumba zao zikibomolewa hugeuka kuwa tandiko la kubebea nyumba hiyohiyo mgongoni mwa ngamia, wangeielewa hesabu hii mara moja.

Kitambaa hicho, kikiwa bado kimekunjwa, si makazi. Kinakuwa makazi kwa namna kinavyosimamishwa, na hapo ndipo ningeweza kumtazama fundi jioni nzima bila kuchoka. Anaanza na kamba za mgongo wa paa, mbele na nyuma, kisha pembe nne, kisha anarudi kwenye kila kamba na kuikaza kidogo kidogo mpaka mikunjo yote itoweke. Mkunjo ni dalili: mahali fulani nguvu imezidi au imepungua, na upepo utapaona kabla yako. Mafundi wa kushona wanaoijua kazi yao hawaukati mgongo wa turubai kwa mstari ulionyooka. Wanaubonyeza kidogo kati, kwa mchoro uleule wa mnyororo ulioshikwa ncha zake mbili, na kitambaa hukazika chote bila kulegea kati.

Nailoni ina udhaifu mmoja ambao mgeni huugundua usiku wa manane. Inafyonza unyevu na kurefuka, hivyo paa lililokuwa limekazika jioni linakuja kugusa uso wa mlalaji. Dawa ni fundo: kamba inazungushwa mara mbili ndani ya kitanzi na mara moja nje yake. Fundo hilo linateleza ukilisukuma kwa vidole, lakini kamba ikivutwa linang'ang'ania palepale. Likifungwa upande wa turubai badala ya upande wa kigingi, mtu ananyoosha mkono kutoka kitandani na kulikaza paa bila kutoka mvuani.

Pale ambapo vigingi haviingii, penye mwamba mtupu, kamba inafungwa kwenye jiwe dogo, kisha jiwe kubwa linawekwa mbele yake juu ya kamba. Upepo ukivuta, jiwe dogo linakwama nyuma ya kubwa. Kwenye mchanga au theluji, kijiti kinazikwa kikiwa kimelazwa, kamba ikiwa imefungwa katikati yake, na shimo linashindiliwa kwa mguu. Kijiti hicho, kikivutwa, kinapambana na ubapa wote wa mchanga ulio mbele yake. Kigingi kilichosimama kingekuwa kimeshachomoka.

Na kabla ya kamba yoyote kuna jicho. Turubai halina sakafu wala milango, kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi hutoka kwenye ardhi uliyoichagua. Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kutuama bondeni. Kupanda mita 20 au 30 juu ya mto kunaweza kukupa usiku tofauti kabisa. Kiwanja kilichokanyagwa na wageni wengi kinaonekana kizuri, lakini kimekuwa kigumu na chenye kibonde, na maji ya mvua yatakusanyika hapohapo. Ardhi yenye majani yaliyooza huyanywa maji hayo. Chini ya miti umande hupungua, kwa sababu matawi yanazuia joto la ardhi lisipotelee angani. Lakini tazama juu kwanza, maana tawi lililokauka halitoi taarifa. Upepo ukiwa mkali, mgongo wa paa unashushwa na upande wa nyuma unagusishwa ardhini kuuelekea. Usiku ukiwa mtulivu, kingo zinainuliwa ili pumzi za walalaji zitoke. Zisipotoka, zitageuka matone chini ya kitambaa.

Jiko nitalitaja kwa ufupi, ingawa nalipenda. Kopo dogo la alumini la chakula cha paka linatobolewa matundu mistari miwili chini kidogo ya ukingo, kwa kifaa cha kutobolea karatasi ofisini. Unamimina spiriti, unawasha, unasubiri kama nusu dakika hadi ipate moto na kuanza kutoa mvuke, kisha unaweka sufuria moja kwa moja juu ya kopo. Sufuria inaziba mdomo, mvuke unatokea matunduni, na kunakuwa na miali midogo pande zote. Jiko zima halifiki gramu 10. Yeyote aliyekulia kwenye mwanga wa kibatari cha kopo ameshaielewa akili iliyolitengeneza. Tahadhari yake ni moja na ni ya kufa na kupona: mchana mwali wa spiriti hauonekani, kwa hiyo usiongeze spiriti mpaka uwe na hakika kuwa jiko limezima na kupoa.

Wapo walioufanya wepesi kuwa shindano, wanaokata mpini wa mswaki na kupima kila soksi kwenye mizani. Sioni faida kubwa hapo. Gramu zilizookolewa kwenye mswaki hazimfundishi mtu kitu kuhusu upepo. Na anayeacha hema nyumbani bila kujifunza kamba na ardhi amepunguza mzigo na kuongeza hatari, hasa juu ya mstari wa miti ambako hakuna pa kujikinga. Jardine alishona na kujaribu kwa miaka. Gatewood alikuwa na maisha mazima ya kazi za mikono nyuma yake.

Mpangilio wa mfuko nao unajua mvua. Turubai linakaa juu kabisa, likiwa na kamba zake, ili lisimamishwe kabla kitu kingine hakijatolewa. Asubuhi utaratibu unageuzwa: kila kitu kinafungwa chini ya paa, na paa linashushwa mwisho, likiwa bado na maji, na kuwekwa kwenye mfuko wa nje lisiloweshe blanketi. Jua likishapanda, linatandazwa juu ya mawe wakati watu wanakula, na kwa wembamba wake huwa limekauka kabla hawajamaliza.