Utando Usioonekana

Tulipokuwa watoto Kimandolu tulicheka mkono ukiwa mdomoni. Maji ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yangali yakiumbika ndani ya ufizi huota meno ya madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyawezi. Magadi tunayotia kwenye makande nayo huongeza yake. Floraidi ikizidi, jino huwa na vishimo, na jino la vishimo humeguka.

La kwangu la nyuma lilimeguka. Daktari aliniuliza mara mbili liliwahi kuzibwa kwa dawa gani. Nilidhani ni udadisi tu. Kumbe kizibo cha muda mara nyingi huwa na yujenoli, ile ile ya mafuta ya karafuu. Hutuliza maumivu, lakini huizuia kompositi kuganda vizuri. Karafuu ya Pemba nayo ina hila zake.

Akalijenga jino kwa kompositi, akaigandisha kwa mwanga wa buluu. Ilibaki kuchukua chapa kwa silikoni ili litengenezewe kofia. Nikadhani jino lenyewe limekamilika: lilikuwa gumu kama kokoto. Yeye akavua glovu za mpira, akanawa, akavaa za plastiki. Salfa ya kwenye mpira, alisema, huiua nguvu ya platini inayoigandisha silikoni. Hata mabaki ya kiganjani yanatosha kuharibu.

Kisha akalirudia jino. Oksijeni ya hewani huzuia sehemu ya juu kabisa ya kompositi isigande, na hubaki utando unaonata, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni. Na si adui siku zote! Jino linapojazwa tabaka kwa tabaka, utando huo ndio unaoshikanisha tabaka la chini na linalofuata. Lakini silikoni ikiugusa, hubaki mbichi hapo hapo, mara nyingi kwenye ukingo ambako kofia inatakiwa kukaa. Kofia ikipwaya, mgonjwa atamlaumu fundi wa maabara.

Akausugua utando huo kwa brashi na unga wa jiwe la volkano, ndugu wa lile tunalosugulia visigino. Nikacheka kooni, maana volkano ndiyo iliyonipeleka kwenye kile kiti. Akasuuza, akapangusa kwa spiriti, akakausha. Ndipo akakanda silikoni zake mbili kama donge la chapati, haraka, kwa kuwa haisubiri mtu.

Watu humsifu daktari wa meno kwa mkono mwepesi wa kung'oa. Mimi namsifu huyu kwa kupangusa, kazi ambayo asingeifanya nisingejua, wala pesa niliyolipa isingepungua.

Chapa ilipotoka aliibonyeza kwa ukucha pale lilipokaa lile jino. Haikunata. Nilipokuwa navaa viatu bado alikuwa ameishika dirishani, anaigeuzageuza.